Kumsikiliza mwanafunzi: mwongozo kamili wa kuanzisha msaada wa afya ya akili katika shule ya sekondari

Shule nyingi za sekondari ninazozijua zina mwalimu wa ushauri nasaha kwenye karatasi. Jina lake limebandikwa ukutani kwa mkuu wa shule, chini ya mwalimu wa michezo na juu ya mwalimu wa mazingira. Lakini muulize mwanafunzi wa kidato cha pili: ukiwa na jambo linalokunyima usingizi, utamwendea nani? Atakutajia mpishi, au mlinzi wa getini, au rafiki yake wa bwenini. Wengine watanyamaza. Mimi nilipokabidhiwa kazi hiyo, mwaka wangu wa kwanza hakunijia mtoto hata mmoja. Nilidhani watoto wetu hawana shida. Kumbe walikuwa wananipima.

Ninamwandikia mwalimu wa shule kama yangu hapa Tanzania: hakuna mwanasaikolojia, hakuna chumba cha ziada, darasa lina watoto sitini, na vipindi vimejaa wiki nzima. Kazi inawezekana hata hivyo. Haikutaki uwe daktari. Inakutaka uwe mtu mzima mmoja anayejulikana anapatikana wapi, saa ngapi, na ambaye neno la mtoto likiingia kwake halitoki ovyo.

Hatua ya kwanza: malizaneni na mkuu wa shule kuhusu siri

Anza hapa, kabla hujamsikiliza mtoto yeyote. Jambo la mwanafunzi likifika ofisi ya walimu saa nne wakati wa chai, kabla ya saa sita limeshafika darasani. Likifika mara moja tu, kazi yako imekwisha kwa miaka miwili, maana watoto husimuliana.

Keti na mkuu wa shule na muandike makubaliano ya ukurasa mmoja. Wateuliwe walimu wawili, wa kike na wa kiume. Mwalimu wa nidhamu asiwe mmoja wao, na nasema hili bila kupunguza neno: mkono unaoshika fimbo asubuhi hauwezi kupokea machozi jioni. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena vya mkuu wa shule au mwalimu aliyemkabidhi jukumu hilo kwa maandishi. Basi mkuu aahidi kwamba jina la mwalimu wa ushauri halitaingia katika kukabidhiwa huko.

Mkubaliane pia kwamba mkuu hatakuuliza "alikuambia nini?" Utampa idadi ya watoto uliowaona na aina ya shida kwa ujumla. Siri ina mipaka mitatu, na mipaka hiyo iandikwe: mtoto akitaka kujidhuru, akitaka kumdhuru mwingine, au kama kuna mtu anamtendea ukatili. Hapo utasema, lakini kwa yule tu anayeweza kusaidia, na mtoto mwenyewe utamweleza kwanza kwamba unakwenda kusema na kwa nini.

Mahali pasikusumbue. Chagua sehemu ambayo macho ya watu yanafika lakini masikio hayafiki: benchi chini ya mwembe, kibaraza cha maktaba, mwisho wa uwanja. Chumba kilichofungwa mlango kinawaletea maneno wewe na mtoto, hasa mkiwa wa jinsia tofauti. Kule Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda na wenzake waliweka benchi nje ya zahanati tangu mwaka 2006, wakawafundisha mabibi wa mtaani kukaa na watu wenye mawazo mazito. Ilitosha benchi, bibi mwenye subira na mpangilio mzuri wa maswali. Washona, watu wa huko, wana neno lao la hali hiyo, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema mtu "ana mawazo", na tunajua vizuri kabisa tunamaanisha nini.

Kisha tangaza paredi, kwa maneno mafupi: "Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja, nitakuwa chini ya mwembe. Ukija, sitauliza kwa nini umekuja. Utakachosema hakifiki ofisini, isipokuwa kama maisha ya mtu yako hatarini." Halafu uwepo. Hata asipokuja mtu, kaa na madaftari yako usahihishe. Wiki za mwanzo wanakuangalia kama kweli utakuwepo.

Hatua ya pili: tafuta namba kabla ya shida

Mtoto akishaanguka si wakati wa kuuliza nani ana namba ya ustawi wa jamii. Nunua daftari dogo, uandike: afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri, Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo chenu cha polisi, mganga mfawidhi wa kituo cha afya cha karibu, na jina la tabibu au muuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya wilaya, kama yupo. Nenda mwenyewe ukamwone, msalimiane, mpeane namba. Siku utakayopiga simu usiku atajua ni nani anayepiga.

Ongeza 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Kenya nao wanatumia namba hiyo hiyo. Ibandike mabwenini na mlangoni mwa vyoo, sio ofisini tu. Uliza pia Kituo cha Mkono kwa Mkono cha karibu kiko hospitali gani. Huko mtoto aliyetendewa ukatili anampata daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, bila kuzungushwa ofisi kwa ofisi akirudia maelezo yale yale.

Hatua ya tatu: jifunze kuona

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba karibu theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Ukilipigia hesabu darasa la watoto sitini, unapata wanane au tisa. Hao tunao. Tunawaita wavivu, wajeuri, watoro, au "yule anayesinziasinzia".

Mtoto wa kwetu ni nadra kusema "nina sonona", yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Atasema kichwa kinauma, tumbo linavuruga, moyo unaenda mbio, kifua kinabana. Akienda zahanati mara tatu na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, muite. Kwa vijana sonona mara nyingi hujitokeza kama hasira kuliko kilio: aliyekuwa mpole anagombana kwenye foleni ya chakula, anamjibu mwalimu vibaya, anaacha mpira aliokuwa anaupenda. Angalia daftari la mahudhurio, lina mengi kuliko tunavyodhani. Mtoto anayekosa kila Jumatatu ana jambo nyumbani mwishoni mwa wiki. Msichana anayekosa siku tatu au nne kila mwezi pengine hana taulo za kike. Alama zikianguka ghafla katika masomo yote kwa pamoja, sababu haiwezi kuwa ugumu wa hesabu peke yake.

Kipimo changu ni mabadiliko. Mtoto aliyekuwa mkimya tangu kidato cha kwanza anaweza kuwa mkimya tu. Ila aliyekuwa mchangamfu akanyamaza kwa wiki mbili mfululizo, halali vizuri, hali vizuri, na shule imeanza kumshinda, huyo usimngojee aje mwembeni. Mfuate wewe, kwa upole, mbali na wenzake.

Hatua ya nne: mazungumzo yenyewe

Hapa ndipo walimu tunapokosea zaidi, kwa sababu tumezoea kusema na kusikilizwa. Nitaonyesha kwa mfano nilioutunga, lakini unafanana na mengi niliyoyasikia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa kivulini. Umeshakula?"

"Nimekula. Mwalimu, kichwa tu kinaniuma."

"Pole. Kimeanza lini?"

"Tangu tulivyofungua shule."

"Tangu mmefungua shule."

Anatazama chini. Anachora mchangani kwa kidole cha mguu. Inapita dakika nzima.

Dakika hiyo ndiyo ngumu. Koo linakuwasha utoe nasaha. Usitoe. Tazama upande, sahihisha daftari moja ukitaka, lakini usijaze kimya chake kwa maneno yako. Mara nyingi linalofuata baada ya kimya ndilo lililomleta.

"Baba amehama nyumbani, mwalimu. Mama halali. Mimi ndiye mkubwa."

Sasa rudia ulichosikia kwa maneno yako: "Baba ameondoka, na wewe ukiwa mkubwa unaona mzigo umekuangukia. Ndivyo?" Akisema ndiyo, umempa kitu ambacho pengine hakuna aliyempa tangu likizo. Kuna mtu ameelewa. Endelea na maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana: "Usiku inakuwaje?" "Ni nani mwingine anajua?" "Siku gani ilikuwa afadhali kidogo, na siku hiyo kulikuwa na nini?"

Kuna maneno tunayoyasema kwa nia njema na yanafunga mlango. "Wenzako wana shida kuliko zako." "Jikaze, wewe ni mwanaume." "Kumbuka mama yako anavyouza maandazi ili usome." Hili la mwisho ni baya kuliko yote, maana mtoto tayari analikumbuka usiku kucha, na ndilo linalomfanya ajione mzigo. Kuhusu "muombe Mungu tu": mimi ni mtu wa ibada, na watoto wetu wengi pia, na sala huwapa nguvu. Tatizo ni hilo "tu". Likisemwa mapema mno, mtoto analisikia kama "nenda, nimechoka kukusikiliza". Msikilize mpaka mwisho kwanza.

Msikimbilie kutatua yote. Uliza: "Katika haya yote, lipi likipungua kidogo utalala?" Chagueni moja, dogo, la wiki hii. Utashangaa mara ngapi jibu ni kitu cha mkononi: nauli, taulo za kike, sare iliyochanika anayochekewa, kiranja anayemnyang'anya chakula. Ongea na matroni, ongea na mwalimu wa zamu, lishughulikieni. Pale mtoto anapoona kimoja kimesogea, anapata moyo wa kukigusa cha pili. Na usimwache aondoke bila siku: "Alhamisi njoo uniambie imekwendaje." Kisha Alhamisi uwepo.

Usiahidi usichoweza. Akikuambia "mwalimu, usimwambie mtu yeyote kabisa", jibu kweli kabla hajaendelea: "Sitamwambia mtu, ila kama kuna hatari kwako au kwa mwingine nitatafuta msaada, na wewe utajua kwanza." Baadhi watasita. Wengi watasema hata hivyo.

Hatua ya tano: anapotamani kufa

Watoto hawaanzi na neno lenyewe. Wanasema "nimechoka", "natamani nisingezaliwa", "nitawapumzisha", "mkinikosa msinitafute". Wengine wanagawa vitu vyao: kalamu, viatu, picha. Ukisikia au kuona hivyo, uliza wazi: "Je, umefikiria kujiua?" Walimu wengi wanaogopa kwamba swali litampandikizia wazo. Halipandikizi. Linampunguzia upweke wa kulibeba peke yake.

Akisema ndiyo, uliza kama ana mpango, kama amepanga lini, na kama ameshawahi kujaribu. Ukisikia mpango, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, mpaka awe mikononi mwa mhudumu wa afya. Mtu mzima anayemwamini akae naye. Mwingine apige simu hospitali na kwa mzazi. Ondoeni vitu vya hatari karibu naye, na nyumbani waelezeni wazazi wafungie dawa za hospitali na viuatilifu vya shambani. Msimzunguke kwa hubiri, msimuite mbinafsi, msimkusanyie kikao cha walimu.

Mlango wa kwanza ni hospitali. Hofu ya polisi na aibu vimefanya familia nyingi kuficha majaribio ya kujiua mpaka likatokea la mwisho. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kinachomtia hatiani aliyejaribu kujiua kinakwenda kinyume cha katiba, na ninaiona hukumu hiyo kama nafuu kubwa kwa mtu mgonjwa. Popote ulipo, mtoto wa namna hiyo ni mgonjwa, na mgonjwa hupelekwa kwa daktari.

Akikufichulia ukatili, hasa kubakwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Asioge, asifue nguo, apelekwe hospitali au Kituo cha Mkono kwa Mkono, na ustawi wa jamii waarifiwe. Usimhoji kwa undani, hiyo ni kazi ya waliofunzwa. Usimwite mtuhumiwa "myamalize". Hata kama ni mwalimu mwenzako. Hasa kama ni mwalimu mwenzako.

Hatua ya sita: wasichana wanapoanguka na kupiga kelele

Kila aliyefundisha shule ya bweni ya wasichana analijua hili. Mmoja anaanguka wakati wa prepo, anapiga kelele, anatupa mikono. Dakika kumi baadaye wako watano, kesho ishirini, na wazazi wako getini wanasema shule ina mapepo.

Mfano unaosimuliwa duniani kote ni wa kwetu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni kule Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Wanafunzi 95 kati ya 159 wakapatwa, walimu hawakupatwa, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu wasivione. Wasichana waliporudishwa makwao hali ikaenda nao: kijijini Nshamba, walikotoka baadhi yao, watu 217 walipatwa. Wataalamu waliolichambua baadaye waliona ni mfadhaiko uliopata njia ya mwili, ukaambukizana kwa kuonana. Tanganyika ilikuwa huru kwa majuma machache tu, na hao walikuwa watoto wa mabwenini chini ya ukali na matarajio makubwa.

Sisemi watoto hao wanajifanya. Hawajifanyi, na kumchapa anayeanguka ni ukatili na ni kuongeza kuni. Fanya hivi. Mtoe aliyeanguka mbele ya watazamaji, taratibu, umpeleke mahali tulivu na mtu mzima mmoja asiyetaharuki. Watazamaji waondoke, warudi kwenye jambo la kawaida: kula, kufua, kucheza. Waliopatwa wasilazwe chumba kimoja. Usifanye ibada ya kukemea mbele ya shule nzima, maana mkusanyiko ule ndio jukwaa lake. Mzazi akitaka kumwombea mwanawe, amwombee faraghani, na umheshimu.

Mhudumu wa afya awaangalie, kwa sababu ndani ya kundi anaweza kuwepo mwenye kifafa. Wa kifafa hupoteza fahamu kabisa, macho mara nyingi yakiwa wazi, pengine akauma ulimi au kujikojolea. Huyo mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni. Degedege likipita dakika tano, ni hospitali mara moja.

Mambo yakitulia, usiseme yamekwisha. Waulize, mmoja mmoja, kulikuwa na nini kabla. Nilipowahi kuuliza nilisikia kuhusu maji yaliyokatika wiki tatu, mwalimu mmoja mwenye matusi, mtihani wa majaribio uliotundikwa ubaoni na majina ya walioshika mkia. Hayo yote yalikuwa mikononi mwetu kuyaondoa.

Hatua ya saba: darasa zima

Mwembe hautoshi watoto mia nane. Kenya, Tom Osborn na wenzake walitengeneza mpango walioupa jina Shamiri: vipindi vinne, mara moja kwa wiki, vikundi vidogo, vikiongozwa na vijana waliomaliza sekondari karibuni. Hawakuanza na habari za ugonjwa. Walizungumza kuhusu uwezo wa mtu kubadilika na kukua, kuhusu shukrani, na kuhusu mambo ambayo kijana anayathamini. Utafiti wao kwa wanafunzi 413, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kuliko kwa waliofundishwa mbinu za kusoma. Mwalimu unaweza kuiga sura yake kwa kutumia kipindi cha dini au cha klabu. Watoto kumi au kumi na wawili wakae duara, waandike kwanza, asome anayetaka.

Mengine ni utaratibu tu. Prepo ya mpaka saa sita usiku na kengele ya saa kumi alfajiri inawaibia usingizi, na ubongo wa kijana asiyelala haushiki masomo wala hauzuii hasira. Majina ya walioshika mkia yasibandikwe.

Wazazi

Mpigie mzazi aje kabla hujamtuma mtoto na barua. Anza na jema: "Mama, mwanao ana moyo wa kusaidia wenzake, ndiyo maana nimeona akibadilika." Tumia "mawazo yamemzidi", "halali", "amechoka moyo". Neno "akili" peke yake kwa wengi wetu bado linasikika kama kichaa, naye atakimbilia kulikana. Akisema wamekwishampeleka kwa mganga au kwa shehe au kwa mchungaji, usimdharau. Mwombe aongeze na hospitali.

Hatua ya mwisho: anaporudi

Mtoto aliyelazwa, iwe hospitali ya afya ya akili ya Mirembe kule Dodoma au wodi ya hospitali ya mkoa, atarudi siku ya kawaida, katikati ya wiki, na shule nzima itageuka kumwangalia. Siku moja kabla, zungumza naye mwenyewe na mzazi: anataka wenzake waambiwe nini? "Alikuwa anaumwa, amepata nafuu" inatosha. Mpangie rafiki mmoja wa kukaa naye. Mwalimu wa taaluma ampunguzie majaribio ya wiki mbili za mwanzo.

Dawa zikae kwa matroni, ampe kwa saa ile ile na bila kumwita jina kwa sauti kwenye foleni. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi kabla ya kuonyesha kazi yake, kwa hiyo akisema "hazisaidii" wiki ya kwanza asiziache, na akipata nafuu asiziache pia bila daktari. Zinaweza kumletea usingizi, na akisinzia kipindi cha kwanza mwalimu wa somo awe anajua asimsimamishe. Andika tarehe ya kliniki kwenye lile daftari lako dogo, na pembeni yake andika nauli ya kwenda na kurudi itatoka wapi.